Sifa za Alternata Mbovu

Kusifu kitu kinachofanya kazi hakuhitaji kipaji. Injini ya Land Cruiser inayotoka Garissa hadi Mandera bila kukohoa inajisifu yenyewe. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa alternata mbovu, ile inayokata roho polepole mahali fulani baada ya Bangale, jua likiwa utosini na mtandao wa simu umeshaaga.

Wasifuji huanza na nasaba, nami sitaivunja desturi. Babu yake ni Michael Faraday, aliyeonyesha London mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya huzaa umeme. Magari yalitumia dainamo kwa miaka mingi, hadi Chrysler ilipoitilia alternata Valiant yake ya 1960. Kazi haijabadilika tangu hapo: mkanda unaizungusha rota, kaboni mbili zinaipelekea umeme kidogo, koili zinazoizunguka zinatoa umeme wa kwenda na kurudi, dayodi zinaunyoosha, regyuleta inauzuia usipite kiasi. Ukoo wa kuheshimika kabisa, na sasa mjukuu amekwama Modogashe.

Tazama unyenyekevu wake. Hukaa ubavuni mwa injini, kwenye hewa ya moto, na feni yake yenyewe ikivuta ndani vumbi lote ambalo lori la mbele limelitimua kwenye njia ya Dadaab. Vumbi linaila kaboni na kuiharibu beringi. Joto linazichosha dayodi, na Garissa nyuzi 35 kivulini si habari. Mto Tana ukifurika na kuimeza barabara ya Madogo, kama ulivyofanya Novemba 2023, dereva asiye na subira anaiogesha kwa tope pia.

Lakini fadhila yake kuu ni ile busara ya kutojitaja. Taa za mbele zinafifia, honi inatoa sauti ya mbuzi mwenye kiu, na asubuhi gari haliwaki. Wote wanageuka kuitazama betri. Betri inatukanwa, inafunguliwa, inabebwa, na mpya inanunuliwa. Gari linawaka! Fundi anapewa mkono. Baada ya siku mbili betri mpya nayo imekwisha, na muuzaji anaambiwa mbele za watu kwamba anauza feki. Betri maskini huhifadhi umeme tu, haiuzalishi. Mwenye kuuzalisha yuko palepale, kimya. Ni mwanasiasa gani wa kaunti hii mwenye kipaji hicho cha kumfukuzisha mwenzake kazi kwa makosa yake mwenyewe?

Kuifichua ni kazi ya dakika chache, pengine ndiyo sababu haifanywi. Pima betri kwa mita injini ikiwa imezimwa: iliyo nzima na yenye chaji huonyesha volti 12.6 hivi. Washa injini. Ikipanda kufika kati ya 13.8 na 14.4, alternata haina hatia. Ikibaki ilipokuwa, au ikashuka unapowasha taa, mshukiwa amepatikana. Ikipita 15, regyuleta imeacha kazi na betri itachemka mpaka inuke yai viza. Kwenye lori la volti 24, zidisha hesabu hizo mara mbili. Kisha anza na vya bei ndogo: mkanda uliolegea, terminali yenye kutu, waya uliokatika, kaboni zilizolika. Fundi mzuri wa jua kali ataing'oa, atatia kaboni mpya, nawe utaiwahi alasiri msikitini. Fundi wa aina nyingine atachomoa waya wa betri injini ikinguruma, aone kama gari litazima. Huyo naye anastahili sifa kidogo, maana mshtuko wa umeme wa wakati ule unaweza kuunguza dayodi, regyuleta na kompyuta ya gari, na kwa mkono mmoja akawapa wenzake watatu riziki.

Halafu usalama. Land Cruiser ya zamani ya dizeli, yenye pampu isiyotegemea kompyuta, ikishawaka huhitaji umeme mdogo tu wa kuifungulia njia ya mafuta. Kwa hiyo alternata mbovu haimnyimi mtu safari, humnyima usiku. Aprili 2015 serikali ilipotaka watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River wasitembee gizani, ilitangaza kafyu na kuweka polisi wa kuisimamia. Alternata mbovu huisimamia peke yake, tena bila marupurupu.

Na ni mpatanishi. Anayesimama njiani kukuazima umeme wa betri yake hakupi umeme mtupu. Atakupa maji, atakuuliza wewe ni wa nani, atakueleza mvua imenyesha wapi na ngamia wameuzwaje wiki hii soko la Garissa. Gari zima lingewapitisha nyote wawili bila salamu.

Ombi langu ni kwa wauza betri wa mjini. Alternata mbovu imewaletea wateja miaka yote hii na haijadai kamisheni hata ya shilingi moja. Fanyeni uungwana: anayerudi kwa betri ya pili ndani ya mwezi mmoja, mpimieni volti kwanza, bure, kabla hamjapokea pesa zake.