Mkorino wa Makaratasi

Ukitaka kujua watu wa kwetu Kibirichia wana ushauri kiasi gani, tangaza kwamba unajiandaa kwa mtihani. Haidhuru ni mtihani gani. Mimi nilikuwa nataka kufanya GMAT, ule mtihani wa kompyuta ambao vyuo vingi vya biashara vya ng'ambo huutazama kabla ya kukupokea kwa uzamili. Kabla jua halijatua nilikuwa nimeshauriwa na kinyozi, na muuza mbolea, na mama mmoja wa kanisani ambaye mwanawe aliwahi kujaribu kuingia jeshini. Mama huyo alisisitiza nianze kukimbia asubuhi.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote ni Mwalimu, jirani yetu mstaafu. Huyu alitayarisha watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, tangu ulipoanza mwaka 1985, na kabati la sebuleni kwake limejaa vitabu vya kudurusu mpaka mlango haufungi. KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka 2023. Wenye maduka ya vitabu mjini wakabaki na rundo la bidhaa isiyo na mnunuzi, na Mwalimu akabaki na kabati. Kwa hiyo nilipotokea na habari za mtihani mpya, nilimwona akiinuka kitini kama kijana.

"Hesabu ni hesabu, mwanangu," akasema, akinipakulia vitabu vya darasa la nane.

Nilivipokea kwa heshima tu. Lakini nikikupa siri ya bure, Mwalimu alikuwa amekaribia ukweli kuliko wengi wanaouza masomo ya GMAT kwa dola. Sehemu ya hesabu ya mtihani huo haina hesabu za ajabu: ni asilimia, uwiano, wastani, mwendo na muda, na aljebra kidogo. Ugumu wake ni kwamba kikokotoo hakiruhusiwi. Mtu aliyezoea kugawa 84 kwa 7 kwa simu anajikuta jasho linamtoka. Mtoto wa darasa la nane alikuwa hahitaji hiyo simu.

Hata hivyo huwezi kwenda GMAT na vitabu vya darasa la nane pekee, ndipo mjomba akaingia. Mjomba ni dalali wa waru, yaani viazi. Msimu ukiwa mzuri, lori lake linashuka Marikiti, Nairobi, usiku wa manane na kurudi mchana likiwa tupu. Nilimwandikia herufi nne kubwa kwenye kikaratasi, nikamwomba apite kwa inama, wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa chini katikati ya jiji hadi mteja hana budi kuinama. Nikamwambia jambo muhimu zaidi: aangalie toleo.

Alirudi na vitabu vitatu ndani ya mfuko wa mbolea.

"Nimekuchukulia vizito," akasema. "Vyembamba nimewaachia watu wa mjini."

Cha kwanza kilikuwa cha LSAT, mtihani wa wanaotaka kusomea sheria Marekani. Mjomba alijitetea kwamba herufi ni nne zilezile na mbili za mwisho zinafanana, jambo ambalo hakuna wakili angelipinga. Na kwa kweli sikukitupa. Maswali yake ya kupima hoja, yale ya kukutaka useme ni kauli gani inayoidhoofisha hoja fulani, ni ndugu wa karibu wa yale ya GMAT, na wapo wanaoyatumia kujinoa makusudi. Cha tatu kilikuwa riwaya ya mapenzi aliyopewa kama nyongeza. Mama alikichukua na sijakiona tena.

Cha pili ndicho kilikuwa GMAT yenyewe, kinene cha kumwinua mtoto afikie meza. Tatizo ni kwamba wenye mtihani, baraza la GMAC huko Marekani, walikuwa wameugeuza. Muundo mpya ulianza Novemba 2023, na ule wa zamani ukafungwa mwisho wa Januari 2024. Sasa kuna sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na uchambuzi wa data. Mengine yametupwa nje. Nilikaa na mjomba jikoni tukikagua mali yake.

"Hizi pembetatu?"

"Zimeondolewa, Mjomba."

"Na haya maduara?"

"Yameondolewa."

"Haya ya kusahihisha sentensi?"

"Hayo pia."

"Na hapa pa kuandika insha?"

Nilimtazama tu. Akafunga kitabu taratibu.

"Yule kijana ameniuzia mkorino," akasema.

Kwa asiyejua, mkorino ni gunia la waru lililoongezwa wavu juu, likajazwa tena mpaka likavaa kilemba. Mkulima analipwa gunia moja, dalali anaondoka na moja na ushei. Kanuni za waru za mwaka 2019 zinasema gunia lisipite kilo 50, na kila mtu hapa anazijua kanuni hizo vizuri, hasa anapozivunja. Mama, ambaye kwa miaka mingi amemuuzia waru ndugu yake huyuhuyu, alicheka mpaka akaweka birika chini.

"Ndugu yangu," akamwambia akipangusa macho, "karibu kwa wakulima."

Hayo yangeisha hapo kama kitabu kingekuwa kitupu. Aliyekitumia kabla yangu alikuwa amejaza majibu kwa kalamu ya wino mwekundu, na kurasa za mwisho zenye majibu sahihi zilikuwa zimenyofolewa, bila shaka kwa kufungia karanga. Nikabaki na mwalimu mmoja tu: yeye. Katika maswali yale ambapo hutakiwi kutafuta jibu bali useme kama taarifa mbili ulizopewa zinatosha kulipata, mtu huyu alikuwa na imani kubwa na C. C maana yake ni kwamba taarifa moja pekee haitoshi, lakini zikiunganishwa zinatosha. Ni jibu la mpatanishi. Nadhani alikuwa mtu mwema, mwenye kuamini kwamba watu wakiketi pamoja mambo hutengenezeka. Kwenye sura ya uwezekano alichora nyumba ndogo yenye bomba la moshi, na baada ya hapo kurasa ni safi.

Nikaona ni heri nijitungie maswali. Nikamuuliza mama: mnunuzi amelipia gunia moja la waru, na bei ya gunia unaijua, je, kilo moja ameinunua kwa shilingi ngapi? Taarifa ya kwanza: kisheria gunia ni kilo 50. Taarifa ya pili: gunia hili lina mkorino.

"Haitoshi," akasema bila kuinua macho kwenye riwaya yake.

"Na zikiwekwa pamoja?"

"Haitoshi. Hujaniambia dalali ni nani."

Hiyo ni E, yaani hata zikiunganishwa hazitoshi, na ni E safi. Mjomba alitoka kwenda kuangalia tairi za lori.

Binamu yangu naye alinitumia kwa simu mafaili ya vitabu mpaka simu ikagoma kupiga picha. Sitayasema mengi. Mafaili ya bure yana hila moja: kuyapakua kunachosha kama kusoma, kwa hiyo mtu analala akiamini amesoma.

Kilichonifaa mwishowe ni kile ambacho wenye mtihani wanakitoa bure kwenye tovuti yao, yaani mitihani miwili kamili ya majaribio. Ila inataka kompyuta, na utulivu wa dakika 135. Nilikwenda saiba. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, na kila Mkenya mwenye PIN alikuwa amekumbuka siku ileile kwamba ritani za kodi za KRA hufungwa tarehe 30. Foleni ilitoka nje hadi kwenye kibanda cha mayai. Mwenye saiba alinipa kompyuta ya pembeni, na nyuma ya kiti changu akasimama mzee mmoja mwenye kofia, akingoja zamu yake na kitambulisho mkononi.

Swali likaja: bomba moja hujaza tangi kwa saa 4, jingine kwa saa 6, yakifunguliwa yote mawili, tangi litajaa kwa muda gani?

"Saa mbili na dakika ishirini na nne," akasema mzee begani pangu. "Nina tangi kama hilo."

Alikuwa amepatia. Na mtihani huu una tabia kwamba ukipatia, hupewi pongezi, unapewa swali gumu zaidi. Mzee alinipandisha ngazi ambayo sikuwa nimeiomba, kisha mambo yalipochacha akanyamaza. Tulipofika kwenye lugha alirudi. Hoja ilikuwa ya kampuni iliyopandisha bei na bado ikauza zaidi, nami natakiwa nionyeshe hoja hiyo ina ufa wapi.

"Huyo anadanganya," akasema mzee, na jibu hilo halikuwemo kati ya matano.

Matokeo yalipotokea, foleni nzima ilisogea kutazama. Mzee aliuliza ni kati ya ngapi. Nikamwambia 805, kwamba alama za mtihani huu zinaanzia 205 na zote huishia na 5.

"Na lile swali la tangi lilikuwa na alama ngapi?"

Nikamweleza kwamba mashine haisemi. Akafikiri kidogo, akamgeukia mwenye saiba.

"Basi tuseme mia. Toa kwenye bei ya ritani zangu, huyu mtoto atalipa."

Nikalipa.