Rehani ya Ghorofa ya 12

Nilipoiona fleti ile ya Upanga, ghorofa ya 12, yenye roshani ielekeayo bahari, nilidhani kwa ujinga wangu kuwa kinipungukiacho ni fedha tu, na kwamba benki, ambayo kukopesha ndiyo kazi yake, itaniondolea dhiki hiyo. Karani wa mikopo, kijana mwenye adabu na tai nyekundu, alinisikiliza kwa utulivu, kisha akanijuza kuwa benki haishiki rehani ya hewa: tangu sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 kila fleti yaweza kuwa na hati yake, basi niilete. Nikamwendea mwenye jengo, naye, baada ya kunimiminia kahawa, akaniapia kwamba hati haina kikwazo, ila haitoki mpaka jengo zima lisajiliwe na mimi niwe nimemlipa thamani kamili. Na thamani hiyo, wallahi, ndiyo niliyoifuata benki.

“Mzee wangu,” akasema karani niliporejea, “lau ungekuwa nazo fedha zote, tungekukopesha bila taabu.” Kwa hisani akanipigia hesabu: shilingi milioni 100, riba ya asilimia 15, miaka 20, hurudi zaidi ya milioni 300, lakini kwa kuwa nina miaka 58 na kustaafu ni 60, ile 20 yanipasa niimalize katika miwili.

Lifti nayo, nasikia, ingali bandarini.