Hitilafu Inayostahili Heshima

Mwezi wa Februari, kaskazi imechoka na jua limesimama wima juu ya Msambweni, ndipo kiyoyozi cha gari langu la umeme kilipoacha kupoza. Hakikupiga kelele wala kutoa harufu. Feni iliendelea kupuliza, ila upepo ulikuwa ule ule wa nje. Mama mkwe, niliyekuwa nikimtoa hospitali, alijipepea kwa leso mpaka Gazi, kisha akasema, "Mwanangu, fungua madirisha, hii hewa yako imekufa." Tulifika Ukunda tumelowa jasho, nami nimefura. Hasira hiyo imeniisha. Leo naisifu hitilafu ile, na nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Kompresa ya kiyoyozi cha gari la petroli huzungushwa na mkanda wa injini. Ya gari la umeme ina mota yake yenyewe, nayo hunywa kutoka betri kubwa, volti 350 hivi katika magari mengi, kupitia nyaya nene za rangi ya chungwa. Lakini pembeni ina plagi ndogo, ya volti 12, inayotoka kwenye betri ndogo kama ile ya gari lolote. Plagi hiyo ndiyo huiamsha na kuipa amri. Volti hizo 12 zikipungua chini ya kiwango ilichopangiwa, kompresa haiwaki. Hata kama betri kubwa imejaa pomoni, haiwaki.

Hapo ndipo sifa yangu inapoanzia: kompresa inajua kukataa. Sisi wa Kwale tunajua kisichojua kukataa kinafanya nini. Jioni stima inaposhuka, taa zikawa njano, friji ya nyumbani hulazimisha kuzunguka. Mota haipati nguvu ya kuanza, inakwama, inavuta umeme mwingi, inapata joto, inanguruma, mwisho inaungua, na samaki wa mtu wanaoza humo humo ndani. Swichi za kielektroniki ndani ya kompresa ya gari zingepata hatima hiyo hiyo: zikipewa amri dhaifu hufunguka nusu, na umeme mkubwa ukipita kwenye mlango uliofunguka nusu huuchoma. Kwa hiyo kompresa inanyamaza, inaandika msimbo wa hitilafu kwenye kumbukumbu ya gari, na kusubiri mtu mwenye subira.

Mtu huyo sikumpata mara ya kwanza. Gereji ya kwanza iliniambia gesi imeisha, ikaongeza gesi. Kiyoyozi kikabaki vile vile. Wakaniambia basi kompresa imekufa, ninunue nyingine, kwa bei inayolipa karo ya muhula mzima.

Fundi wa pili, kijana wa Ukunda, alisoma msimbo kwanza. Akapima betri ndogo: 12.5, haina neno, maana iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, na ikifika 12 tayari imechoka. Fyuzi nzima. Akachomoa plagi ndogo ya kompresa, akaipima: 12.4. Wengi wangeishia hapo na kuihukumu kompresa. Yeye akatoa taa kuukuu ya breki, ya wati 21, iliyofungwa nyaya mbili, akaigusisha kwenye plagi ile ile. Taa ikawaka kama koroboi inayoishiwa mafuta. Akahamisha waya wa hasi peke yake, akaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Taa ikawaka kweupe.

Nilisimama nikitazama, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Mita haiombi umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaionyesha volti 12. Taa inaomba karibu ampea 2, na hapo waya mbovu haufichiki: kutu yenye upinzani wa omu 3 tu inatosha kumeza karibu volti 4 kabla taa haijapata chake. Ubovu ulikuwa kwenye ethi, ule upande wa hasi. Tuliufuata waya mpaka kwenye bolti moja chini ya taa ya mbele. Shaba imegeuka unga wa kijani.

Chumvi, bila shaka. Kutoka Diani hadi Shimoni upepo wa bahari huingia kila upenyo, unyevu hauishi, na kompresa hukaa chini mbele, pale pale madimbwi yanaporukia. Msasa, kichwa kipya cha waya, bolti ikakazwa, grisi juu yake. Gharama yake haikufikia ile ya gesi niliyoongezewa bure.

Na ile gesi bado inaniuma. Mota ya kompresa hii imo ndani ya gesi na mafuta yenyewe, hivyo mafuta yake ni ya aina ya POE yasiyopitisha umeme. Mashine ya gereji iliyobakiza mafuta ya PAG ya magari ya petroli inaweza kuyaingiza humo, umeme ukaanza kuvuja, na gari likakataa hata kutembea. Anayefungua mfumo ule bila kupima volti 12 kwanza anacheza na mali ya watu. Na akigusa nyaya za chungwa bila glovu za volti 1,000, bila kuchomoa plagi ya usalama na kungoja kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, anacheza na uhai wake. Hitilafu ya volti 12 inakushughulisha upande usioua.

Kijana yule alinipa taa yake nilipomwomba. Inakaa kwenye droo ya gari, nyaya zake zimezungushwa. Kabla ya masika hufungua boneti, nikaitazama bolti ile, nikaipaka grisi mpya. Mama mkwe hupanda nyuma kama kawaida, leso yake mabegani, na kufika Gazi huwa ameshasinzia.