Spika Imehukumiwa Bila Kusikilizwa

Kwa Waheshimiwa Mafundi Redio za Magari,
Gerezani, Kariakoo, na matawi yote ya chini ya mwembe.

YAH: RUFAA YA SPIKA (SI YULE WA BUNGE)

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu. Kwanza naipongeza mahakama yenu kwa kutokuwa na mlundikano wa kesi. Gari likifika linakoroma, hukumu hutoka kabla dereva hajazima injini: "Bosi, spika zimekufa." Mlango unabanduliwa, spika inang'olewa, mpya yenye wati za kutisha kwenye boksi inapachikwa, na mteja anaondoka na mkoromo wake uleule, ila sasa ni mkoromo wa bei mbaya.

Naomba ushahidi uangaliwe upya. Chukueni ule mluzi unaopanda dereva akipiga resi na kushuka akiachia mafuta. Spika haijui injini inazunguka mara ngapi. Anayejua ni altaneta. Umeme wake mchafu hupenya kwenye muziki pale waya wa ethi unapofungwa juu ya rangi badala ya bati tupu, au nyaya za sauti zinapolazwa ubavuni mwa waya mnene wa betri. Dawa ni kipande cha msasa na kuhamishia nyaya upande wa pili wa gari. Au chukueni besi iliyopotea siku ileile spika mpya zilipofungwa. Mara nyingi chanya na hasi za upande mmoja zimepishana: spika moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, besi inafia katikati. Betri ya tochi ya volti 1.5 ingetoa ushahidi kwa mguso mmoja: chanya ikigusa chanya, koni huruka kuja nje. Hata redio ya gari la Japani isiyoshika stesheni nyingi, mara nyingi imezaliwa na FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zinafika 108. Spika inaingiaje hapo?

Mtajibu kwamba spika nazo hufa. Ni kweli, karatasi huchanika na koili huungua. Ndiyo maana naomba kesi isikilizwe, siombi ifutwe. Pelekeni sauti kushoto, kisha kulia, mjue inayokwaruza ni ipi. Pishanisheni nyaya za spika mbili nyuma ya redio: mkwaruzo ukihamia spika ya pili, mshitakiwa ni redio, ukibaki palepale, ni spika au waya wake. Kisha wekeni mita. Spika nzima ya omu 4 husoma pungufu kidogo ya 4. Isiyosoma chochote imekata. Hiyo inyongeni, ila haki yake muwe mmeipa.

Mtasema pia mteja hana subira, wala hatalipia dakika kumi za kupima. Mbona mganga hutoza ada ya ramli kabla hajachimba dawa, na hakuna anayemwita mwizi? Tozeni ya kupima, iandikwe ukutani. Itakuwa nafuu kuliko spika isiyohitajika, na mteja hatarudi wiki ijayo na lawama.

Swali la mwisho, Waheshimiwa. Kama spika zile zilikufa kweli, mbona kesho yake hufufukia kwenye meza ya mbele, zimefutwa vumbi, zikiitwa mtumba safi wa Japani?

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakili wa Kujitolea wa Spika