Luliki ya Chuma

Kitale haina bandari. Mji wetu uko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na chombo kikubwa zaidi kilichowahi kutia nanga hapa ni gari la moshi, lililofika mwaka 1926, likaona reli imeishia papo hapo, likarudi lilikotoka. Kwa hiyo nikikwambia kwamba pikipiki yangu iliponzwa na ushauri wa nanga, usidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa timamu. Nilikuwa bahili tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa baharia Mombasa kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi kwao Chwele, kaunti ya Bungoma, lakini bahari haikumtoka. Ukimwuliza kama mahindi yamestawi, atakujibu kwa habari za kusi na kaskazi. Krismasi ya 2023 alitutembelea Kitale, akanikuta uani nimechuchumaa kando ya pikipiki, naitazama cheni kama mtu anayemtazama mgonjwa asiye na bima.

Cheni ilikuwa inalia. Nikiwasha ilinong'ona, nikipanda mlima ilipiga yowe. Fundi wangu alikwisha toa hukumu: badilisha seti nzima, yaani cheni na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Nilimwambia nitafikiria. Mimi nimelelewa na baba aliyegeuza kola ya shati ikichakaa, na mama aliyekata shuka katikati akaishona upya ili kingo ziingie ndani. Kwetu kitu hakitupwi kabla hakijageuzwa.

"Shemeji," akasema baharia, akachutama nami, "mnyororo wa nanga hauzeeki wote kwa pamoja. Ule upande ulioshika nanga ndio unaoburutwa mchangani, unasugua mawe, unakula chumvi. Upande wa ndani umelala tu gizani kama mtoto wa tajiri. Sasa ukiona wa nje umechoka, unaugeuza. Wa ndani utoke ukafanye kazi, wa nje uingie upumzike. Mnyororo mmoja, maisha mawili."

Akaendelea, maana akianza haachi. Akanieleza kwamba mnyororo wa meli huhesabiwa kwa vipande vya pima 15, mita 27 na nusu hivi, na kila kipande huitwa pingu. Meli ikipandishwa chelezoni, wakaguzi hupima unene wa chuma, na pete zikishapoteza asilimia 12 mnyororo haufai tena. Hayo yote yaliingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Yaliyobaki kichwani ni maneno mawili: maisha mawili.

Alipoondoka tu, nikachukua koleo, nikang'oa klipu, nikaichomoa cheni yote na kuitandaza juu ya gunia. Nikaigeuza. Iliyotazama nje ikatazama ndani, iliyokuwa ikielekea mbele ikaelekea nyuma. Nikairudisha, nikabana klipu, nikajipongeza. Kisha, kwa kuwa furaha haina breki, nikapata wazo la pili, hili la kwangu mwenyewe: nikaomba oili chafu gereji, ile nyeusi iliyokwisha mwagwa kutoka kwenye injini za matatu, nikaichanganya na grisi, nikaipaka cheni kwa brashi ya kupigia viatu rangi mpaka ikang'aa kama nywele za bwana harusi. Kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Kwa miezi kadhaa, kila iliporudi, nilipaka tena. Yule fundi nikawa napita mbele ya kibanda chake huku nimeinua kidevu.

Ikafika Agosti ya 2024.

Msomaji wa mbali inabidi nimweleze. Bungoma, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili si mwezi wa kawaida. Ndio msimu wa Wabukusu kupasha tohara vijana wao. Kijana anayejiandaa hupita kwa jamaa zake akiwaalika, mikononi ana chinyimba, kengele za chuma anazozigonga kwa mpigo mmoja usiochoka, nyuma yake kundi la waimbaji. Akifika kwa mjomba huchinjiwa ng'ombe, na ukanda wa nyama ya kidari, unaoitwa luliki, hutundikwa shingoni mwake. Ukimwona kijana na nyama shingoni na kengele mikononi, unajua kesho yake ni kisu.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya mtoto wa shemeji. Mke wangu na watoto walitangulia kwa matatu siku mbili kabla. Mimi nilibaki kukamua ng'ombe na kumsubiri mtu wa kunishikia, nikapanga kufika adhuhuri, nimevaa shati jeupe. Nilisema jeupe. Lishike hilo.

Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha, na kutoka kwangu hadi lami ni udongo mwekundu mtupu. Cheni iliyopakwa grisi ikipita kwenye udongo huo haipiti peke yake. Inaondoka na shamba. Nilipofika Kiminini ilikuwa imekwisha vaa koti. Kamukuywa ikaanza kusema kra, kra, kra. Nikaongeza mwendo ili nisisikie. Nimepita Kimilili kidogo, nikasikia tang! kisha kimya cha ajabu chini yangu. Nikavuta mafuta, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote na pikipiki isisogee, kama kamati iliyoundwa kuchunguza jambo.

Nikageuka. Cheni ilikuwa imelala barabarani mita kumi nyuma yangu, kama nyoka aliyekanyagwa na lori. Klipu haikuonekana. Nilishukuru Mungu kwamba ilitoka yote. Ingejisokota kwenye gurudumu, insha hii angeiandika mtu mwingine.

Sasa, cheni ya pikipiki ina urefu wa mita moja na nusu hivi na haipendi mfuko wa suruali. Kwenye keria nilikuwa na gunia la viazi, sukari na mikate. Mikono yote miwili ilitakiwa kwenye usukani. Nilibaki na shingo. Nikaivaa. Spana niliyokuwa nimeitoa nikaitundika kwenye pete ya chini, hapo kifuani, isije ikapotea. Nikaanza kusukuma kuelekea Chwele.

Kila hatua, spana ikagonga cheni. Cheng. Cheng. Cheng.

Watoto watatu walitoka kwenye mahindi wakasimama. Wakasikiliza. Mmoja akapiga kelele kuita wenzake, na kabla sijafika daraja la mbele nilikuwa na msafara. Walianza kwa kucheka, wakaishia kuimba, na mimi, nisiulizwe kwa nini, nikajikuta nasukuma pikipiki kwa kufuata mpigo wao. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akapiga kigelegele. Wa bodaboda walipunguza mwendo, wakanisalimia kwa honi, wakaenda zao. Hakuna aliyesimama kunisaidia, maana nani atamkatiza mtu na sherehe yake?

Kwenye kona, mzee mmoja mwenye mkongojo alinisubiri. Alinitazama kuanzia viatu, akapanda mpaka upara wangu, akarudi shingoni.

"Mwanangu," akasema kwa upole wa kuumiza, "umechelewa hivi kwa nini? Karo?"

Nikaanza kumweleza habari za klipu.

"Na huyo mjomba wako," akanikata, "alikosa hata mbuzi? Luliki ya chuma sijapata kuiona."

Nina miaka arobaini na sita. Jambo lenyewe nilikwisha lipita nikiwa darasa la saba, na vyeti vyake haviombwi barabarani. Niliinama, nikasukuma.

Nilifika ukweni saa tisa, na kwaya yangu. Wageni waliokaa chini ya hema walisimama wakidhani kijana wao amerudi kutoka kwa mjomba. Shati lilikuwa na barabara nyeusi kutoka bega moja hadi jingine, mikono haikutambulikana. Kwa mila za hapo, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawakaribiani ovyo, na mimi, ninayetoka Kitale kwenye mchanganyiko wa kila kabila, kila mwaka husahau. Mwaka huo sikusahau. Nilisimama mbali, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. Naambiwa mama mkwe alinisifu: hatimaye kijana amejifunza adabu.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliivua ile cheni shingoni mwangu, akaiinua kwa ncha mbili za vidole.

"Nilikwambia *nanga*," akasema. "Pikipiki yako ina nanga?"

Kesho yake, kijana akiwa amekwisha simama kiume, tulimwita fundi wa sokoni Chwele. Yeye hakuwa na kejeli, alikuwa na rula ya shule. Akainyoosha cheni juu ya ubao akahesabu pini 24 kupita ile ya mwanzo. Cheni mpya ya aina hii, alisema, kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya 24 huangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa thumuni ya inchi, cheni imekwisha. Yangu ilizidi kwa karibu robo. "Hii ulikuwa unaivaa kama lastiki," akasema.

Ndipo nikaelewa kwamba cheni haivutiki. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila pete, kidogo kidogo, na huo upungufu wa pini mia na zaidi ukijumlishwa ndio unaoonekana kama urefu. Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, aliibuni cheni ya bushi na rola mwaka 1880 ili msuguano ugawanywe sawasawa, na kazi yake ni safi mno: kila pete hupita kwenye kila sproketi, hupiga zamu sawa na mwenzake. Hakuna pete iliyolala gizani kama mtoto wa tajiri. Cheni ya pikipiki ni duara, na duara halina upande wa ndani wa kutoa nje. Nilichogeuza mimi ni hewa. Tena nilipogeuza nilibana klipu mdomo ukitazama mbele. Mdomo huo hutakiwa kutazama nyuma, usije ukakwama kwenye kitu na kufunguka.

Kuhusu oili chafu, fundi alisikitika kabisa. Oili inatakiwa iingie kwenye pini. Inayobaki nje kazi yake ni kuita mchanga, na oili na mchanga ni msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, dondosha oili safi kidogo kwenye upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, subiri, kisha ufute yote iliyobaki nje. Injini iwe imezimwa. Ukikutana na fundi mwenye vidole tisa, mwulize alizima? Na ukiisukuma cheni katikati icheze sentimita mbili au tatu. Ikikaza inaua beringi, ikilegea inaruka.

Sproketi zangu zilikuwa na meno yaliyolala upande mmoja, yamechongoka kama ya papa. Shemeji alifurahi kuyaona, akadai yanamkumbusha Lamu. Seti nzima nikalipa shilingi 1,800 na ufundi, pesa ile ile niliyokuwa naikimbia tangu Krismasi, na shati juu yake.

Cheni ya zamani sikuitupa. Niliirudisha Kitale, nikaiosha kwa mafuta ya taa, na sasa inafunga lango la zizi, kufuli upande mmoja, mwimo upande wa pili. Ina ncha mbili. Kila tarehe mosi naigeuza.