London kwa Mfuko wa Koboko

Ndugu wa Arua, ndugu wa Koboko, lijue hili kabla hujakata tiketi: London huitembelei kwa ajili ya London. Unaitembelea kwa ajili ya watakaokusikiliza ukirudi. Toa hela pale watakapoona wao. Kwingine kote, bana.

1. Tafuta mwenyeji. Ukoo haukosi mtoto wa shangazi aliyeko Ulaya. Mpigie ukiwa umeshatua. Mgeni aliyekwisha kufika hafukuzwi. Mkononi shika asali ya West Nile. Forodha ya Uingereza inaruhusu kilo 2. Nyama na maziwa watakunyang'anya. Asali hiyo ndiyo kodi yako ya nyumba.

2. Panda basi jekundu. Kondakta hakuna, kupatana bei hakuna, na tangu 2014 pesa taslimu hawapokei: unagusisha kadi tu. Nauli moja inakuruhusu kubadilisha mabasi kwa saa nzima. Kaa ghorofani, kiti cha mbele kabisa, uzungushwe mji. Aliyevumilia basi la usiku la Arua hadi Kampala, magoti kidevuni, hapo amefika peponi.

3. Piga picha, usiingie. Simama daraja la Westminster, gurudumu la London Eye liwe nyuma yako. Nani atauliza kama ulipanda? Azima makoti matatu ya mwenyeji, uyabadilishe palepale darajani: jeusi ni Jumatatu, la kijivu Alhamisi, jekundu Jumapili. Asubuhi moja imekupa wiki nzima. Baridi ikikuzidi, kimbilia British Museum: kuingia bure, kuna joto, na choo kipo. Pale Greenwich, kwenye uani wenye mstari wa meridiani, wanatoza kiingilio ili uweke mguu mmoja mashariki mwa dunia na mwingine magharibi. Achana nao. Kwetu Salia Musala mtu anazikanyaga Uganda, Kongo na Sudan Kusini, wala hakatiwi tiketi.

4. Kula usiku. Supamaketi zikikaribia kufunga, hubandika stika za njano kwenye vyakula vinavyoisha muda siku hiyo, bei ikashuka. Fika saa hiyo, na usione haya: wenyeji wamekutangulia kwenye rafu. Nyumbani utasema tu kwamba chakula cha Wazungu hakina ladha. Utaaminika.

5. Nunua mfuko. Ingia duka la kifahari la Harrods, chagua kitu kidogo kuliko vyote, lipa, toka na mfuko wenye jina. Uhifadhi kama cheti cha ndoa. Zawadi zenyewe utazinunua sokoni Arua, kwenye mitumba. Mashati ya Uingereza yalishafika kabla yako. Fua, piga pasi, tia mfukoni.

6. Lalamika. Anayeisifu London ni mgeni. Anayelalamikia nauli zake ndiye mwenyeji. Vaa sweta mchana wa jua kali la Koboko, useme mwili bado haujarudi. Ukiulizwa bei ya kitu, guna, utikise kichwa, unyamaze.

7. Jihadhari na shahidi. Siku moja atatokea barazani mtu aliyeishi huko kweli. Usikimbie. Uwe wa kwanza kumkumbatia, mpe kiti kizuri, kisha muulize mbele ya watu wote kule anafanya kazi gani. Atabadilisha mazungumzo haraka, nawe umsaidie.