Patron na Viyoyozi Vyake

Hongera, patron, kwa mkataba wa matengenezo. Bunia iko zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari; jioni watu huvaa sweta bila kushauriwa na fundi. Wewe ukachagua mkataba wa bei ya juu kabisa: viyoyozi vyote, ukaguzi kila mwezi, na kupasha jengo joto pia, digrii moja na nusu tu kutoka ikweta! Mkataba umetaja gesi, kompresa, hata kofia ya fundi. Mazutu ya jenereta haukuyataja. Wala kuosha vichujio, ambavyo vumbi jekundu huvijaza upesi kuliko wapangaji wanavyolipa kodi. Nao wapangaji, kwa heshima zote, wanaomba ung'oe misumari uliyopigilia madirishani.